Ghorofa jipya la fremu Kariakoo: katika yote yanayosemwa mtaani, yapi ya kuhofia?

JiraniWaMabati ameuliza:

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaoujua ujenzi wa maghorofa kwa undani.

Kwenye kitalu kimoja hapa Kariakoo nyumba ya zamani imebomolewa na sasa linajengwa jengo la biashara. Litakuwa na basementi mbili, fremu kuanzia chini hadi ghorofa ya nne, kisha ofisi na stoo mpaka ghorofa ya kumi. Mabati yamezungushwa, kijiko kimo ndani, shimo limefika kama mita tatu. Pampu mbili zinatoa maji usiku na mchana na kuyamwaga kwenye mtaro wa barabarani. Kulia kuna jengo la ghorofa nne la miaka mingi, kushoto nyumba ya chini ya matofali, nyuma ni uchochoro.

Mtaani kila mtu ana lake. Wenye mitaji wanashangilia kwamba fremu zitaongezeka na wengine wameshaanza kuulizia kwa dalali. Wazee wanasema huku ni mchanga mtupu, ghorofa kumi haziwezi kusimama. Kuna wanaosema zege likimwagwa usiku ujue kuna kitu kinafichwa, kuna walioona nondo zenye kutu zikishushwa wakasema ni mabaki, na kuna wanaolalamikia foleni na vumbi tu. Lakini wengi, tangu lile ghorofa liporomoke hapa hapa Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20, wakisikia kijiko kinanguruma hawalali.

Nataka kujua: katika maneno yote haya, lipi lina msingi? Na mtu aliye nje ya mabati, asiyeweza kuingia saiti, aangalie nini hasa?

Mhandisi_Misingi:

Mkuu, umeuliza wakati mzuri, maana hatua ya hatari zaidi kwa majirani ni hii ya shimo. Ghorofa ya kumi mnaitazama sana kwa sababu itaonekana. Kinachoweza kuwaumiza mwezi huu kiko chini ya miguu yenu.

Nianze na la wazee. Mchanga hubeba ghorofa kumi bila shida, na maghorofa marefu kuliko hilo yamesimama Kariakoo na Upanga kwa miaka. Mchanga ulioshikana na kubanwa pande zote ni udongo mzuri wa kujengea. Balaa lake ni kwamba ukiuondolea kizuizi cha pembeni unatiririka, na ukiwa na maji ndani yake unatiririka kama uji. Kwa hiyo wazee wameona tatizo la kweli ila wamelihamisha mahali. Mchanga hauhatarishi jengo jipya kama unavyohatarisha majengo mawili ya jirani wakati shimo liko wazi.

Hesabu yake fundi yeyote anaifanya kichwani. Basementi mbili ni shimo la karibu mita 7. Msingi wa nyumba ya zamani huwa mita 1 tu kwenda chini, mara nyingi hata haufiki. Chora mstari wa nyuzi 45 kutoka sakafu ya shimo kupanda kuelekea kwa jirani: kila msingi ulio ndani ya mita 6 kutoka ukingo wa shimo unategemea udongo ambao shimo limeuachia huru. Kwenye mchanga wenye maji, eneo hilo hupanuka zaidi. Nyumba ya kushoto karibu yote imo, na ghorofa nne la kulia lina angalau safu moja ya nguzo ndani yake.

Ndiyo maana kabla kijiko hakijashuka lazima pawe na ukuta wa kuzuia udongo. Chungulia kwenye mwanya wa mabati uone ni upi. Mabati mazito ya chuma yaliyopigwa ardhini na kufungana masikioni yanazuia mchanga na kwa kiasi kikubwa maji pia, lakini yakipigwa kwa nyundo mtikisiko wake peke yake unaweza kupasua nyumba ya matofali. Kwenye mitaa iliyobanana yanafaa kusukumwa kwa mtambo wa kukandamiza. Nguzo za zege zilizochimbwa kwa kupishana hadi zikaingiliana ni bora zaidi. Nguzo zilizochimbwa zikaachiana nafasi zinazuia udongo mkavu, ila mchanga wenye maji unapenya katikati yake. Na ukiona ukingo wa udongo umesimama wima uchi, au umezuiwa kwa mabanzi na mirunda tu kwenye kina cha mita tatu, hapo usisubiri mjadala wa jukwaani.

Kuna njia nyingine halali, ya kuushusha chini msingi wa jirani. Hiyo hufanywa kwa vipande vya mita 1 hadi 1.5, na vipande viwili vinavyopakana havichimbwi kwa pamoja. Unachimba cha kwanza, unaruka viwili au vitatu, unamwaga zege, unasubiri likomae, ndipo unarudi kwenye vilivyobaki. Anayechimba urefu wote wa ukuta kwa siku moja ili amalize haraka ameliachia jengo la jirani lining'inie hewani.

Maji nayaweka peke yake kwa sababu ndiyo wanayoyapuuza wengi. Chukua chupa tupu ya maji ya lita 1.5, ikinge pale mpira wa pampu unapomwaga mtaroni, asubuhi, mchana na jioni, iache itulie usiku kucha. Pampu ikianza kazi maji huwa machafu kwa muda, hilo ni la kawaida. Baada ya hapo yanatakiwa kuwa maangavu. Kama kila chupa inabaki na mchanga chini, mchanga huo haukutoka hewani, umetoka chini ya nyumba zenu.

Mambo mawili zaidi ukaangalie urudi kutueleza: nyufa, na milango iliyoanza kukwama.

ZegeNaNondo:

Mhandisi amemaliza la chini, mimi nachukua la juu, maana na juu huwa kuna makosa yanayojirudia.

Zege la usiku si dalili ya wizi. Gari la zege hubeba mita za ujazo 6 hadi 8, na kati ya msongamano wa mchana, njia ya mwendokasi pale Msimbazi na mikokoteni, halifiki kwa wakati. Zege linatakiwa liwe limeshamwagwa ndani ya kama dakika 90 tangu lichanganywe, na kwa joto la Dar mchana hata hizo ni nyingi. Usiku kuna ubaridi, zege halikauki juu mapema, nyufa za juu ya slabu zinapungua. Mkandarasi makini hapa mjini atachagua usiku. Cha kutazama ni kama mtu anaelekeza mpira wa maji kwenye pipa la gari ili zege liteleze vizuri. Lita 10 za ziada kwenye kila mita moja ya ujazo hupunguza nguvu ya zege kwa karibu nyutoni 2 hadi 3 kwa milimita ya mraba. Zege la daraja la 25 ukilifanyia hivyo mara mbili limeshuka hadi 20, na aliyesanifu nguzo hakuambiwa.

Kipimo cha ukweli ni vile visanduku vya chuma vya mraba, milimita 150 kila upande. Kwenye kila umwagaji wa maana utaona mtu anavijaza na kuvigonga, kesho yake vipande vya zege vinatolewa humo na kuzamishwa majini, kisha vinavunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28. Siku ya 7 zege huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake. Saiti ambayo haina visanduku hivyo haina ushahidi wowote wa zege lake, hata kama mfuko wa saruji umeandikwa 42.5, yaani daraja la nguvu ya saruji.

Kutu: wekundu mwepesi unaofutika kwa mkono hauna madhara, tena hulishika zege vizuri. Nondo mbaya ni inayobanduka magamba au yenye vishimo. Ila mimi ninaogopa zaidi nondo nyepesi inayong'aa. Pima uzito: nondo ya milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita, ya 16 ni kilo 1.58. Mche mzima wa mita 12 wa milimita 16 unakaribia kilo 19. Ukipima ukapata 16 na nusu, umeuziwa nondo ya 15 kwa jina la 16, na jengo zima limepungukiwa chuma kwa zaidi ya moja ya kumi.

Sasa mirunda. Slabu ya sentimita 15 ikiwa mbichi ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Slabu ya mita za mraba 200 ni tani 72, bado bimu, nondo na watu. Uzito huo wote unashuka kupitia mirunda kwenda kwenye slabu ya chini yake. Angalia kutoka ng'ambo ya barabara: mirunda imesimama wima? Kuna uliounganishwa katikati kwa misumari? Kuna uliosimamishwa juu ya matofali mawili matatu yaliyopangwa bila chochote cha kuyashika? Je, mirunda ya ghorofa ya juu imekaa juu ya ile ya chini au imepishana nayo? Kutoa mirunda: chini ya slabu siku 10, chini ya bimu siku 14, isipungue.

Tena kuna vile vibaraza vinavyotokeza juu ya barabara, ambavyo Kariakoo kila jengo linavyo kwa sababu mwenye kiwanja anataka nafasi hata ya hewani. Nondo zake kuu hukaa JUU ya slabu, kwa kuwa kibaraza kinavutika upande wa juu. Saidia fundi wakizikanyaga wakati wa kumwaga zege zikalala chini, kibaraza kinabaki na zege tupu pale panapohitaji chuma. Kitasimama kwa sababu ya mirunda, na siku mirunda inatolewa kinakatika shinani. Mirunda ya kibaraza hutolewa kuanzia ncha kurudi ukutani, kamwe si kuanzia ukutani.

Mhandisi_Misingi:

@ZegeNaNondo nakubaliana nawe isipokuwa hapo kwenye siku 10 na 14, paongezewe neno. Siku hizo ni za slabu kujibeba yenyewe. Hazitoshi kuibebesha slabu nyingine mbichi iliyo juu yake. Jengo linalopanda slabu moja kila wiki linatakiwa libaki na mirunda kwenye ghorofa mbili, ikiwezekana tatu, zilizo chini ya ile inayomwagwa, ili uzito ugawanywe. Mwenye jengo akinunua seti moja tu ya mirunda na kuihamisha kila wiki, hizo siku 14 kwenye karatasi hazimsaidii.

Jirani, hapa ndipo pa kupima neno la watu kwamba "wanakimbiza mno". Kasi yenyewe haina kosa. Hesabu ghorofa ngapi chini ya umwagaji bado zina mirunda. Zikiwa tatu, kasi hiyo inavumilika. Ikiwa moja, mtaa uko sahihi kuogopa.

Mkadiriaji_wa_Ilala:

Naongeza upande wa karatasi, kwa ufupi, kwa sababu karatasi hazizuii udongo ila ndizo zinazokupa nguvu ya kumzuia mtu.

Mbele ya mabati lazima pawe na bango: jina la mradi, mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkandarasi na namba ya kibali. Pawepo pia stika za bodi: CRB ya makandarasi, ERB ya wahandisi, AQRB ya wasanifu na wakadiriaji, na usajili wa OSHA wa eneo la kazi. Piga picha bango zima. Namba ya mkandarasi inahakikiwa CRB. Huko utaambiwa pia yuko daraja la ngapi. Madaraja ni saba, la kwanza halina ukomo wa thamani ya kazi na la saba ndilo dogo kuliko yote. Jengo la ghorofa kumi na basementi mbili likiwa na mkandarasi wa madaraja ya chini, au bango likiwa na jina la mwenye kiwanja pekee, hilo ni la kupeleka Halmashauri ya Jiji siku hiyo hiyo.

Linganisha idadi ya ghorofa kwenye kibali na zinazojengwa. Msingi na nguzo husanifiwa kwa idadi maalumu. Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu 36, na tangu siku ile swali la kwanza kwa kila jengo refu katikati ya mji limekuwa: kibali kinasema ghorofa ngapi?

Lililo muhimu kwa majirani, na ambalo halihitaji ruhusa ya mtu, ni ripoti ya hali ya majengo yenu KABLA madhara hayajatokea. Pigeni picha kila ukuta, kila ufa uliopo, ndani na nje, mkiweka futi kamba pembeni ya ufa ili ukubwa uonekane, na tarehe iwemo. Sainini ninyi, asaini mwakilishi wa mkandarasi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri. Bila hiyo, ufa ukitokea mtaambiwa ulikuwapo tangu zamani. Ombeni pia nakala ya bima ya mkandarasi, mkaangalie kama ina kifungu cha madhara kwa mtu wa tatu na kama kifungu hicho kinataja majengo ya jirani kulegea kwa sababu ya uchimbaji. Bima nyingi hukiacha nje mpaka kilipiwe peke yake.

JiraniWaMabati:

Asanteni sana wakuu. Nimefanya mlichosema. Chupa tatu za leo zimebaki na mchanga, kila moja kama nusu kijiko cha chai, na pampu zina wiki ya pili sasa. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 4 kwenye mpira mmoja. Upande wa kushoto kuna ufa unaopanda kwa ngazi kwenye matofali kutoka kona ya dirisha, upana kama milimita 3, na mlango wa nyuma wa nyumba hiyo umeanza kugusa fremu yake. Ghorofa nne la kulia sijaona kitu. Ukuta wa shimo: nguzo za zege zenye nafasi katikati, na kwenye nafasi hizo wameziba kwa magunia ya mchanga. Bango lipo, stika tatu, ya OSHA sijaiona.

Kingine: dalali anadai kilemba cha fremu za chini na kodi ya mwaka mapema, anasema zinaisha. Wapo wanaotaka kulipa kesho.

Mhandisi_Misingi:

Mkuu, fremu zisubiri kwanza. Hayo ya kushoto yanataka hatua leo.

Ndoo ya lita 20 kwa sekunde 4 ni lita 5 kwa sekunde, yaani lita 432,000 kwa siku kwa mpira mmoja. Nusu kijiko cha chai cha mchanga ni karibu gramu 3 na nusu, kwenye lita 1.5 inakuwa zaidi ya gramu 2 kwa lita. Zidisha: ni zaidi ya kilo 850 za mchanga kila siku, kwa pampu moja. Hiyo ni karibu nusu mita ya ujazo inayotoka chini ya ardhi ya mtaa kila siku, na mna pampu mbili. Magunia kwenye nafasi za nguzo yanaonyesha kwamba na wao wameshaona mchanga unapenya. Ufa wa ngazi kutoka kona ya dirisha pamoja na mlango unaogusa ni alama za msingi unaoshuka upande mmoja.

Milimita 3 peke yake si ufa wa kuangusha nyumba. Hadi milimita 5 huhesabiwa madhara madogo, 5 hadi 15 ya kati, 15 hadi 25 makubwa. Kinachonitia wasiwasi ni mwendo wake. Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa jasi, pande zote mbili, andika tarehe. Kioo kikikatika, nyumba inatembea. Piga pia mistari miwili ya penseli kila upande wa ufa na upime umbali wake kila asubuhi na jioni. Ukiongezeka milimita 1 kwa siku, au ukisikia ukuta unalia, au kioo cha dirisha kikapasuka chenyewe, watu watoke ndani wote na simu ipigwe Zimamoto, 114. Vitu vitachukuliwa baadaye.

Kwa mkandarasi, dawa yake inajulikana. Uchimbaji usimame, lakini pampu ZISIZIMWE ghafla, kwa sababu maji yakiingia shimoni kwa kasi yanaweza kubeba mchanga kupitia nafasi zile zile. Nafasi kati ya nguzo zizibwe kwa zege la kupuliza lenye waya, au kwa kudunga saruji ya maji nyuma yake. Kisha maji yatolewe kwa visima vyenye chujio, yaani bomba lenye matundu, limevishwa kitambaa cha kuchujia na kuzungushiwa kokoto ndogo. Kunyonya maji moja kwa moja kutoka kwenye sakafu ya shimo la mchanga ndiko kunakoleta mchanga wote huo. Maji yakianza kutoka maangavu mtajua imefanyika kweli.

Mkadiriaji_wa_Ilala:

Barua iandikwe leo, isingoje kesho. Iende Halmashauri ya Jiji kwa mhandisi na idara ya mipango miji, nakala serikali ya mtaa, CRB, ERB na OSHA. Msiandike "tunaogopa jengo litaanguka", hiyo itasomwa kama kelele za majirani. Andikeni: tarehe, saa, kiasi cha mchanga kwenye chupa, sekunde za ndoo, upana wa ufa asubuhi na jioni, picha ya magunia kati ya nguzo. Ombeni jambo moja tu: zuio la uchimbaji mpaka mhandisi wa jiji akague ukuta wa shimo na mfumo wa kutoa maji. Ombi moja lenye vipimo hujibiwa upesi kuliko malalamiko kumi yenye vumbi na foleni ndani yake. Chupa zenyewe mziandike tarehe na mzitunze. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

ZegeNaNondo:

Na stika ya OSHA ambayo hujaiona, itaje kwenye barua hiyo hiyo. Wanaofanya kazi chini ya yale magunia ni vijana wa kulipwa kwa siku, na ukingo ukikatika wao ndio wa kwanza kufukiwa. Ngazi za kutokea shimoni zinatakiwa ziwe karibu na kila kundi linalofanya kazi, si moja upande wa mbali. Udongo uliochimbwa na matofali visirundikwe ukingoni mwa shimo. Mita moja ya ujazo ya mchanga wenye maji ni karibu tani 2 inayousukuma ukuta ule.

Mkadiriaji_wa_Ilala:

Turudi kwa dalali. Kulipia fremu ya jengo lililoko kwenye shimo ni kumkopesha mwenye jengo bila dhamana. Wanaotaka kulipa wadai mkataba na mwenye kiwanja mwenyewe, wenye namba ya fremu kwenye ramani iliyopitishwa, ukubwa wake kwa mita za mraba, tarehe ya kukabidhiwa, na kifungu cha kurudishiwa kilemba chote kama jengo litasimamishwa au ramani itabadilishwa. Fedha iingie benki kwa jina lililo kwenye kibali. Risiti ya dalali haifungi mwenye jengo.

Pia waulize matumizi. Sakafu ya duka husanifiwa kubeba takriban kilo 400 kwa mita ya mraba, ya makazi kilo 150 tu. Stoo huhesabiwa takriban kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo, kwa hiyo mabelo yaliyopangwa hadi mita 3 yanafika kilo 720, na shehena ya vitenge au vigae huzidi hapo. Kariakoo fremu ikikosa mteja hugeuzwa stoo, na ghorofa ya juu iliyosanifiwa kuwa ofisi hujazwa shehena ya kontena zima. Jirani ameandika ofisi na stoo ghorofa ya tano hadi ya kumi. Ni lazima ijulikane zipi ni stoo kwenye mchoro wa mhandisi, na uzito unaoruhusiwa uandikwe ukutani kwenye kila sakafu.

Ngazi: ghorofa tano za fremu zinataka ngazi mbili zilizo mbalimbali, zinazofika nje bila kupita ndani ya duka la mtu. Kosa la kawaida ni ngazi ya pili kuzibwa baadaye kwa shata na kukodishwa kama fremu. Ramani ya Zimamoto inaonyesha ngazi zote. Mpangaji ana haki ya kuiona kabla ya kulipa.

JiraniWaMabati:

Barua imepokelewa, nakala ina muhuri. Familia ya kushoto imehamia kwa ndugu kwa sasa, na wanunuzi wa fremu wamekubali kusubiri. Swali la mwisho: kazi ikiendelea na jamvi la chini (zege la msingi linalofunika sakafu yote ya shimo) likamwagwa, pampu zikizimwa ndiyo hatari imekwisha?

Mhandisi_Misingi:

Hapana, zikizimwa mapema ni hatari mpya, safari hii kwa jengo lenyewe. Maji yakirudi kwenye kina chake cha zamani yanainua jamvi kama mtumbwi. Sakafu iko mita 7, maji ya ardhini tuseme yako mita 2: hiyo ni mita 5 za maji, msukumo wa tani 5 kwa kila mita ya mraba kwenda juu. Jamvi la sentimita 50 lina uzito wa tani 1.2 tu. Kila slabu ya juu pamoja na bimu na nguzo zake huongeza kama tani 0.75. Ili uzito uzidi msukumo kwa ziada ya moja ya kumi, zinahitajika slabu kama sita juu ya jamvi, mbili zikiwa za basementi. Labda wawe wameweka nguzo za kuvuta chini, na hizo mchoro utaonyesha.

Kwa hiyo mkiona pampu zimenyamaza jengo likiwa bado usawa wa barabara, na mafuta ya jenereta yamepunguzwa ili kubana matumizi, ulizeni kwa maandishi nani ameruhusu na kwa hesabu gani. Chupa endeleeni kuzikinga mpaka siku hiyo.

ZegeNaNondo:

Na usiruhusu maji hayo ya pampu yatumike kuchanganyia zege au kumwagilia slabu, hata yakiwa maangavu kama kioo. Onja tone moja: kwenye mitaa hii mara nyingi yana chumvi, na chumvi ndani ya zege inakula nondo taratibu. Wataona madoa mekundu chini ya slabu ya basementi kabla deni la benki halijaisha.